Kutoka seti ya filamu hadi darasa la kujihami: ubebe nini, uache nini

Swali: Nimefanya kazi kwenye seti za filamu kwa miaka 9. Nilianza kwa kubeba stendi na nyaya za taa, na katika miaka 4 ya mwisho nimekuwa msaidizi wa timu ya matukio ya hatari, ambako natandika magodoro, nakagua kamba, na mara nyingi nasimama badala ya mwigizaji wakati mapigano yanafanyiwa mazoezi. Humo nimejifunza ngumi, mateke, kuanguka na kumnyang'anya mtu kisu. Sasa goti limeanza kunisumbua na nataka kuwa mkufunzi wa kujihami. Rafiki yangu ameshaniomba niwafundishe wanawake 12 wa ofisini kwake mwezi ujao. Je, ninachokijua kinatosha? Kama hakitoshi, niongeze nini? Na je, kuna ubaya kujitangaza kwa picha za filamu nilizofanyia kazi?

Jibu: Ndugu yangu, nami nilitoka huko huko. Nilishika taa kwa miaka mingi kabla sijasimama mbele ya darasa, na swali lako la kwanza ndilo nililojiuliza, ila mimi nilijijibu vibaya na wanafunzi wangu wa mwanzo ndio walioilipia gharama yake. Kwa hiyo nitakujibu waziwazi. Mapigano unayoyajua hayatoshi, na baadhi yake yatamdhuru mwanafunzi wako akiyaamini. Lakini unayo mambo mengine ambayo hukuyataja kabisa katika barua yako, kwa sababu huyahesabu kuwa ujuzi, nayo ndiyo yatakayokutofautisha na wakufunzi wengi.

Tuanze na mapigano. Kumbuka jinsi kabali inavyotengenezwa mbele ya kamera. Mikono ya anayekaba haigusi koo. Inakaa juu ya mifupa ya mabega, chini kidogo ya shingo, na anayekabwa ndiye anayevishika viganja vile na kuvibana mwilini mwake ili visiachane naye. Kutetemeka, macho kutoka, miguu kuparaza sakafu, yote hufanywa na yule anayekabwa. Kuvutwa nywele ni vivyo hivyo: ngumi ya mvutaji imetulia tu kichwani, na anayevutwa anaikandamiza kwa mikono yake miwili, kisha anajivuta mwenyewe kwenda anakotaka. Ngumi ya usoni hupita mbele ya uso kwa umbali wa kutosha kabisa, kamera ikiwa imewekwa mahali ambapo pengo lile halionekani, nayo lenzi ndefu hulipunguza pengo lenyewe machoni mwa mtazamaji. Kichwa kinageuka kwa wakati wake, na mlio wa konde unaongezwa baadaye studioni. Ukiyatazama yote hayo kwa pamoja utaona kanuni moja, kwamba katika filamu anayepigwa ndiye anayeongoza. Hakuna kinachotendeka bila ridhaa yake, na mwenzake yuko upande wake tangu mwanzo hadi mwisho.

Mtu atakayekuja kujifunza kwako anakuja kwa sababu ya hali iliyo kinyume cha hiyo. Anaogopa kukutana na mtu asiye upande wake.

Tofauti hiyo si ya fikra tu, imekwisha kuingia mwilini mwako. Umerudia maelfu ya mara kurusha ngumi inayokosa kwa makusudi. Umezoea kuuvuta mkono nyuma ya bega ili kamera iisome nia yako kabla haijatokea, jambo ambalo kwa mpinzani wa kweli ni sawa na kumtumia barua mapema. Umezoea kusimama mbali kuliko umbali ambao mkono unaweza kufika, na umezoea kutulia baada ya kila pigo ili mwenzako apate nafasi ya kuigiza maumivu. Mtu akishtuka, mwili hurudi kwenye ulichozoeshwa, hauulizi kilikuwa kwa ajili ya nini. Ukianza kupiga mfuko mzito wa mazoezi wiki hii utashangaa jinsi kifundo cha mkono kinavyopinda, kwa kuwa hakijawahi kukutana na kitu chochote kwenye mwisho wa safari yake.

Niruhusu nikueleze kosa langu mwenyewe. Katika mojawapo ya madarasa yangu ya kwanza nilifundisha namna ya kujinasua mtu akikushika mkono, mbinu niliyoichukua kutoka kwenye mazoezi ya mapigano ya filamu: unazungusha mkono, unapitisha kiwiko juu, unatoka. Nikaionyesha na msaidizi wangu ikatoka safi kama maji. Kisha nikawaweka wanafunzi wawili wawili. Dada mmoja mwembamba alipangwa na mwenzake mwenye mikono ya mtu aliyefanya kazi ngumu maisha yake yote, ambaye hakuwa amesikia kwamba anatakiwa kuachia. Alishika tu. Yule dada akazungusha mkono, akapitisha kiwiko, mkono haukutoka. Akajaribu tena, haukutoka. Ngozi ya kifundo ikaanza kuwa nyekundu. Akanitazama kwa aibu, kama mtu aliyekosea yeye. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alidhani kosa ni lake, ilhali mbinu yangu ilikuwa haijawahi kujaribiwa na mtu asiyetaka ifanikiwe.

Dawa ya kasoro hii inajulikana tangu zamani. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alipoanzisha shule yake iitwayo Kodokan mwaka 1882 nchini Japani, aliziondoa kwenye mazoezi huru mbinu zilizokuwa zikivunja na kujeruhi, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zao zote, kila mmoja akipinga kweli, kisha kesho wakarudi tena kwenye mkeka. Mazoezi hayo huru huitwa randori, na ndiyo yaliyoifanya judo kuwa na uzito hata ikiwa na mbinu chache kuliko mitindo iliyoitangulia. Mbinu chache zilizokutana na upinzani mara elfu zina thamani kuliko nyingi zilizokutana na ukarimu wa mwenzako. Kwa hiyo, kabla ya cheti chochote cha ukufunzi, na hasa kabla ya vile vinavyotolewa kwa semina ya siku mbili, jiunge na mchezo ambao mpinzani anakataa: ndondi, judo, mieleka au jujitsu ya Kibrazili. Kwa goti lako ningechagua ndondi, au jujitsu na kocha aliyeelezwa hali yako siku ya kwanza, na ningeiweka mieleka mbali. Jipe miaka miwili. Najua si muda uliotaka kuusikia.

Kuhusu kisu, nakusihi usikifundishe kabisa kwa sasa. Kwenye filamu mwenye kisu huchoma mara moja, kwa mkono ulionyooka, kisha anauacha mkono hewani kama anayesubiri kupewa chenji. Mwaka 1983 Dennis Tueller, mkufunzi wa polisi nchini Marekani, aliandika makala kuhusu mtu mwenye kisu aliyesimama umbali wa futi 21, yaani mita 6 na kitu, akaonyesha kwamba umbali huo mtu anaumaliza kwa takriban sekunde moja na nusu. Yeye alikuwa akiwaeleza askari wenye bastola kiunoni. Mwanafunzi wako hana bastola, na mara nyingi hana hata mita mbili. Kama huniamini, vaa fulana nyeupe, mpe kijana mwepesi kalamu nene ya wino, mwambie ajitahidi kukuchora huku wewe ukimnyang'anya kwa mbinu zako zote. Kisha vua fulana uhesabu alama. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza niliacha kuhesabu. Tangu siku ile, somo langu la kisu ni kukimbia, kuweka meza au gari katikati, na kumpa anachokitaka kama ni kitu kinachonunulika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo filamu haina namna ya kukufundisha, kwa kuwa halipendezi kulitazama. Sehemu kubwa ya kujihami hutokea kabla ya pigo, tena mara nyingi dhidi ya mtu anayefahamika: mpenzi, mfanyakazi mwenzako, rafiki wa familia. Stelingi huvamiwa uchochoroni na watu asiowajua, ilhali mwanamke wa kawaida yuko hatarini zaidi kwa mtu aliyemfungulia mlango mwenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Charlene Senn walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya mafunzo waliyowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu. Wanawake 893 waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapata mafunzo ya saa 12, jingine likapewa vijitabu vya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi la vijitabu walikuwa asilimia 9.8, na katika kundi la mafunzo asilimia 5.2. Ukitazama jinsi saa hizo 12 zilivyotumika utaona kuwa mapigo yalichukua sehemu ndogo tu. Muda uliobaki ulikwenda kwenye kutambua dalili za hatari kwa mtu unayemjua, kuacha kujidanganya kwamba ni mzaha, na kusema hapana kwa mtu ambaye unaona haya kumkatalia. Mkufunzi asiyejua kuongoza mazungumzo ya namna hiyo atafundisha kipande kidogo cha kazi na kukiita kazi nzima.

Baada ya kukuvunja moyo kiasi hicho, nikutajie ulicho nacho.

Umeweka mifuko ya mchanga kwenye miguu ya stendi mara ngapi? Unajua kwamba mguu mkubwa unaelekezwa upande wa mzigo, na mfuko unaning'inizwa kwenye mguu ulio juu zaidi ili uzito wake usiishie sakafuni, na kwamba kabla ya kuondoka pale unajiuliza kimoyomoyo: kitu hiki kikianguka, kitamwangukia nani? Swali hilo ndilo wakufunzi wengi wa karate wenye mikanda myeusi hawajiulizi. Wanawapanga watu jozi kumi kwenye chumba kidogo, mmoja anaangushwa, kichwa chake kinagonga goti la jozi ya pili. Wewe huwezi kuingia chumbani bila kuona kona ya meza, waya uliolegea na mlango unaofungukia ndani. Hicho ndicho wengine hukiita utambuzi wa mazingira na kukilipisha kama siri kubwa. Wafundishe wanafunzi wako swali lile lile, mkiwa mmesimama katika chumba chochote: njia ya kutokea iko wapi, nani yuko kati yangu na njia hiyo, na kipi hapa kinaweza kuwekwa katikati yetu.

Unayo pia sauti. Mtu aliyepita katikati ya watu akiwa amebeba taa ya moto amezoea kutoa neno fupi kutoka tumboni, bila kuomba radhi na bila hasira: "Naja nyuma!" Utashangaa kuona watu wazima wengi hawawezi. Ukiwaambia wapige kelele ya "Simama!" wanacheka, wanashika mdomo, sauti inatoka juu ya koo kama swali. Katika madarasa yangu sauti inachukua muda mrefu kuliko ngumi, na sijawahi kujutia dakika hata moja.

Kisha kuna nidhamu ya usalama, ambayo tasnia yetu imeilipia kwa damu. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee alikufa kwa sababu kichwa cha risasi ya maonyesho kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu bila kugunduliwa, na risasi baridi, yaani yenye baruti bila kichwa, iliyofyatuliwa baadaye ikakisukuma nje. Mwaka 2021 mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa wakati wa maandalizi ya tukio, kwa risasi ya kweli ambayo haikupaswa kuwapo kwenye seti kamwe. Kwa hiyo unaelewa, kuliko mtu aliyesoma sheria hizo kwenye karatasi, kwa nini silaha ya mazoezi na silaha ya kweli hazikai chumba kimoja hata kwa dakika moja, kwa nini kila mtu anamwaga mifuko yake kabla ya zoezi, na kwa nini mdogo kuliko wote ana haki ya kusimamisha kazi nzima kwa neno moja. Lihamishie darasani neno hilo. Chagueni moja, lijaribuni kabla ya kuanza, na likitamkwa kila mtu aachie hapo hapo, mkufunzi akiwa wa kwanza. Hapa simaanishi kupunguza nguvu tu. Kabali iliyobana mishipa ya pande zote mbili za shingo inaweza kumpotezea mtu fahamu ndani ya sekunde 10 hivi, muda ambao haumtoshi mtu kuuliza kama mwenzake anatania.

Lakini thamani yako kubwa huenda isiwe mbele ya darasa. Tangu miaka ya 1970, Marekani wamekuwa na mtindo wa mafunzo ambapo mkufunzi mmoja huvaa suti nene yenye pedi kutoka kichwani hadi miguuni, akaigiza mshambuliaji, na mwanafunzi akampiga kwa nguvu zake zote. Kazi ile inahitaji mtu anayejua kuanguka mara 40 kwa siku bila kuumia, anayeweza kuigiza ulevi, vitisho na maneno ya kubembeleza, na anayesoma mwili wa mtu aliye mbele yake kwa nusu sekunde ili asimzidie. Mabondia wachache wana hayo yote, na wewe unayo tayari. Onyo langu ni moja. Kwenye filamu umefundishwa kukipamba kila kipigo, na ndani ya suti ile utasikia hamu ya kuanguka vizuri ili kumfurahisha mwanafunzi. Usianguke kwa pigo ambalo lisingekuangusha. Endelea kumsogelea, aongeze nguvu, apige mahali panapostahili, ndipo ulegee. Vinginevyo utakuwa umempangia tukio jingine la filamu, naye ataondoka akiliamini. Kuhusu goti, daktari alitazame kabla hujakubali kuvaa suti.

Ya kuongeza mengine nitayapitia haraka. Pata mafunzo ya huduma ya kwanza, pamoja na dalili za mtikisiko wa ubongo, na mwenye dalili hizo asirudi kwenye zoezi siku hiyo hata akikuapia kuwa mzima. Isome sheria ya mahali unapofundishia, kwa sababu karibu kila mahali haki ya kujihami inafungwa na mambo mawili, ulazima na kiasi: nguvu itumike pale tu inapohitajika, na iishe hatari inapoisha. Pigo la ziada kwa mtu aliyekwisha kulala chini, ambalo kwenye sinema hupigiwa makofi, linaweza kumgeuza mwanafunzi wako kuwa mshtakiwa.

Moja silipiti haraka. Katika kundi lolote la watu 12 fikiria kwamba yupo aliyekwisha kushambuliwa, hata kama hutaambiwa. Usimshike mtu yeyote bila kumwomba ruhusa, na usimkabe mwanafunzi kwa kushtukiza ili kuonyesha jambo. Anayetaka kukaa pembeni akae bila kutoa sababu. Akija mtu baada ya darasa akakusimulia yaliyompata, usimwambie angefanya hivi au vile. Alifanya alichoweza, na yuko hai. Uwe na jina la mshauri nasaha unayemwamini mfukoni kabla ya siku hiyo kufika, maana wewe si mshauri nasaha, kama mimi nisivyo.

Picha za filamu unaweza kuzitumia iwapo mwenye filamu ameruhusu, na mikataba mingi ya seti inalikataza jambo hilo, hivyo soma ulichosaini. Shida yangu haiko kwenye ruhusa hasa. Picha ya mtu akiruka teke juu ya gari inamwahidi msomaji kitu ambacho hutamfundisha, na itakuletea vijana wanaotaka kuruka, huku ikimfukuza mama wa miaka 50 anayekuhitaji zaidi. Andika ulichokifanya kweli: miaka 9 kwenye seti, 4 kati yake ukiwa msaidizi wa usalama katika timu ya matukio ya hatari. Mwenye akili ataelewa uzito wake.

Na wale wanawake 12 wa mwezi ujao? Mwambie rafiki yako atafute mkufunzi mzoefu, mwanamke akipatikana ni vizuri zaidi, nawe uombe kuwa msaidizi wake: panga chumba, shika pedi za kupigia, kuwa mtu anayesogea na kukatazwa. Ikishindikana kabisa, kubali kipindi kimoja cha saa mbili na ukiite utangulizi. Saa ya kwanza itumie kwa sauti, umbali na mazungumzo kuhusu watu wanaofahamika. Ya pili iwe ya kiganja kwenye pedi, goti kwenye pedi, na kuinuka kutoka sakafuni huku mtu akiwa amesimama juu yako. Kabali usiiguse, wala kisu. Mwishoni, mwache kila mmoja apige pedi uliyoishika wewe kwa nguvu zake zote, huku ukirudi nyuma kwa kadiri ile tu anayokusukuma.